Mzee Aliyeuliza Watu Watatokaje

Kila alipofika ofisini kwetu, kabla ya salamu, mzee huyu aliusukuma mlango, akauvuta, akausukuma tena. Kisha alitikisa kichwa. Mlango wetu ulifungukia ndani, na machoni pake hilo lilikuwa kosa ambalo watu wazima hawakupaswa kulivumilia. Ndipo aliposalimia, akaulizia watoto, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango uleule aliokuwa ameulaumu.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale Rohero, mtaa wa katikati ya Bujumbura, ofisi iliyoshughulikia mambo ya michezo. Yeye alikuwa msimamizi wa milango ya kiwanja kimoja cha mpira upande wa chini wa mji, kiwanja kidogo chenye ukuta wa matofali, jukwaa moja la saruji na milango minne ya chuma. Sote tulimwita Mzee wa Milango. Jina lake nililijua, maana nililipiga chapa mara nyingi, lakini sitaliandika hapa. Alikozaliwa sijui, wala ukoo wake siujui. Miaka ile ya vita, aliyekuuliza ukoo wako hakukuuliza kwa nia njema.

Alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka kwa miaka yote niliyomjua. Alitaka ofisi yetu itafute mfadhili, aje mtu anayejua kazi hiyo achunguze namna umati unavyotoka kiwanjani, kisha awafundishe walinzi wake wa milango la kufanya siku watu watakapotoka kwa hofu. Alikuwa na hakika kwamba siku hiyo ingefika. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayekukumbusha kwamba kesho ni Jumatatu.

"Mama, mi siombi feza," aliniambia mara ya kwanza, akiwa ameshika daftari lake la mistari. "Naomba mutu mwenye anajua, akuje atufundishe. Siku mbili tu. Hata moja."

Nikapiga chapa ombi lake, kwa Kifaransa, kwa sababu Kifaransa chake cha kuandika kilikuwa na matundu. Nililipiga tena mwaka uliofuata, na ule uliofuata. Mkuu wangu aliliweka kwenye jalada la kijani ambalo sisi makarani tulilijua vizuri. Lilikuwa jalada la mambo mazuri yasiyo na haraka.

Watu waliojuana naye kiwanjani walibishana kama aliupenda mpira. Mimi nadhani hakuupenda. Katika mechi zote nilizomwona, alisimama kwenye kona ya jukwaa ameupa uwanja mgongo, anawatazama watazamaji. Matokeo aliyasoma nyusoni mwao. Ukimuuliza ni bao la nani, angekujibu ni la wale wa upande wa kushoto, na hakuwahi kukosea. Lakini jirani yake mmoja aliniapia kwamba timu fulani ikifungwa, mzee hali chakula cha usiku. Basi sijui. Nilimuuliza mwenyewe, akaniuliza kama ngazi za ofisini kwetu zina taa.

Hilo ndilo lililokuwa swali lake popote: watatokaje? Tulimwalika kwenye harusi ya binti wa karani mwenzangu, ukumbini, na wengine walipokuwa wakitazama bibi harusi anavyoingia, yeye alikuwa nyuma ya jukwaa la wanamuziki anahamisha makreti ya soda yaliyoziba mlango wa uani. Bwana harusi alikasirika sana. Kanisani alimsumbua padri mpaka mabenchi mawili ya mwisho yakasogezwa. Tulimcheka. Mimi pia nilimcheka, na nalisema hili kwa aibu.

Na mtu huyu aliyehubiri utaratibu hakujua kabisa kupanga foleni. Mwaka wa vikwazo, nchi jirani zilipotufungia biashara na sukari ikawa inapatikana kwa bahati, nilimkuta kwenye foleni dukani, akipenya kwa viwiko, akijifanya kumsalimia mtu wa mbele na kubaki hukohuko mbele. Nilipomtania akacheka mpaka akakohoa. Alisema foleni ya kuingia haiui mtu, kwa hiyo haina haja ya heshima.

Walinzi wake walikuwa wanne, mmoja kwa kila mlango, nao hakuwaita kwa majina. Aliwaita Wa Kwanza, Wa Pili, Wa Tatu na Wa Nne. Mwanzoni niliona ni dharau ya mzee, kuwaita watu wazima kwa namba. Baadaye nikaelewa. Jina lako, katika Bujumbura ya wakati ule, lingeweza kusema ulitoka mtaa gani, na mtaa ungesema mengine yote. Yeye alikuwa amechagua watu wawili wa mitaa ambayo haikutembeleana tena na mitaa ya wale wengine wawili, akawafanyisha kazi pamoja Jumapili hadi Jumapili, na sharti lilikuwa moja: hapa kuna namba tu. Wa Pili na Wa Tatu walikuwa wakila sahani moja kabla ya mechi. Sidhani kama mmoja alijua jina la mke wa mwenzake.

Uchunguzi alioomba ufadhiliwe, alikuwa ameshauanza mwenyewe kwa maharage. Kila mlinzi alipewa maharage mfuko wa kulia. Wakipita watu kumi, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Mwishoni mzee alipita na kikopo, akahesabu, akaandika daftarini: mlango gani, saa ngapi, wangapi wameingia, wangapi wametoka. Alifanya hivyo misimu mitatu. Msimu wa pili una ukurasa mmoja mtupu. Ilikuwa miezi ya njaa, Wa Tatu alikwenda nyumbani na maharage ya mifuko yote miwili, wa kulia na wa kushoto, mkewe akayapika. Mzee hakumgombeza. Ila hakutaka kukisia hata punje moja, na ilinibidi nipige chapa kwa Kifaransa safi cha serikali kwamba matokeo ya mlango wa tatu yaliliwa. Mkuu wangu aliposoma hapo alicheka, akazungusha jalada zima kuwaonyesha wageni. Hakusoma ukurasa uliofuata.

Ukurasa uliofuata ndio uliokuwa na jambo lenyewe. Kwetu, ilipobaki robo saa mechi iishe, milango ilifunguliwa kwa wasio na tiketi. Ulikuwa ukarimu wa zamani na kila mtu aliutegemea: wauza karanga, waashi, wanawake waliotoka sokoni, wote walisubiri nje ya ukuta, na robo saa ikifika wanaingia wakikimbia. Watu waliiita robo ya maskini. Ilikuwa furaha ya Jumapili, na hakuna kiongozi aliyethubutu kuigusa.

Lakini vita vilileta kuvrefe, amri ya kuwa ndani kabla ya giza. Waliokaa mbali, wa Ruziba, wa Kajaga, wa mitaa ya kaskazini, hawakuweza kungoja filimbi ya mwisho. Walianza kutoka ilipobaki robo saa. Na kwa kuogopa gruneti, yale mabomu ya kurushwa kwa mkono, milango mitatu ilikuwa imeanza kufungwa, watu wapekuliwe kwenye mlango mmoja tu, wa nne. Kwa hiyo kila Jumapili, saa ileile, kwenye mlango uleule, kundi moja lilikuwa linatoka mbio na jingine linaingia mbio. Mzee aliyaona hayo kwenye maharage. Punje za kuingia na punje za kutoka ziliangukia dakika zilezile.

Alinieleza akiwa amesimama, viganja vyake viwili vimekabana. Alisema watu wote wanaogopa gruneti, naye anaiogopa, lakini gruneti huenda isije. Hii ya mlango wa nne ilikuja kila wiki.

Nilimwelewa. Ndiyo sababu siwezi kujificha nyuma ya mkuu wangu. Nilimwelewa kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na kazi yangu ilikuwa kupiga chapa.

Mfadhili alipatikana. Barua ilikuja kutoka nje ikisema kuna fungu la mafunzo ya usalama viwanjani, na mkuu wangu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikumbuka jalada la kijani na kunituma nilitoe. Siku ile nilifurahi kweli. Nilimtumia mzee salamu kwa mtu, akaja kesho yake na walinzi wote wanne, wameoga, wakasimama uani kwetu kwa mstari kufuata namba zao. Wa Pili alitaka kujua kama watapewa filimbi.

Kisha ikaja orodha ya washiriki. Niliamriwa niandike wakurugenzi wawili, maofisa watatu wa usalama, makatibu wa vyama, binamu wa mtu fulani. Viti vilijaa. Nilimwuliza mkuu wangu kuhusu watu wa milango. Akasema mwaka huu ni wa viongozi, watu wa chini watafikiwa baadaye kupitia hao viongozi. Nikaipiga chapa orodha, nakala tano.

Mafunzo yalifanyika hotelini kwa siku tatu. Nilikuwa naandika kumbukumbu. Siku ya nne mzee alikuja, akausukuma mlango wetu, akauvuta, akaketi.

"Walisema nini juu ya kutoka?" akaniuliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba siku zote tatu walizungumzia kuingia: kupekua, vitambulisho, mikoba.

"Kuingia kila mutu anajua," akasema. Kisha akaniomba nimpigie chapa ombi jingine.

Mafunzo yale yalizaa uamuzi mmoja. Funguo za milango mitatu zilitolewa mikononi mwa mzee, zikawa zinakaa na ofisa wa usalama ndani ya gari lake, ili asijitokeze mtu wa kuwafungulia maadui. Mzee aliuliza kama gari litakuwa pale mpaka watu wa mwisho watoke. Aliambiwa ndiyo, ni lazima.

Jumapili ile nilikuwepo. Alikuwa ameniomba nije nione kwa macho yangu robo ya maskini, ili nikiandika tena niandike kama mtu aliyeona. Ilikuwa nusu fainali, jukwaa limejaa, na mgeni rasmi alikuwa amekaa kwenye viti vya nguo nyeupe. Niliketi juu kabisa. Mzee alikuwa palepale kwenye kona yake, mgongo kwa mpira.

Ilipobaki kama dakika ishirini, mgeni rasmi akaondoka. Alikaa mbali, naye aliogopa kuvrefe kama sisi sote. Gari la ofisa wa usalama likamsindikiza, kama ilivyo adabu ya kumsindikiza mkubwa, na hakuna aliyefikiri juu ya kilichokuwa ndani yake. Mimi nililiona likitoka. Nilijua funguo zimo. Nilikaa nikitumaini kwamba mtu mwingine amekumbuka.

Robo saa ikafika, Wa Nne akafungua, walio nje wakaingia kwa shangwe kama kawaida. Na mvua ikaanza, ile ya Aprili isiyobisha hodi. Jukwaa halikuwa na paa. Watu wote walioteremka waliteremka pamoja, wakaelekea upande mmoja, kwa sababu upande ulikuwa mmoja. Hakukuwa na risasi, hakukuwa na adui. Ilikuwa mvua tu.

Nilimwona mzee akikimbilia mlango wa tatu, akiutikisa, akikimbilia wa pili, akiutikisa. Nilimwona akirudi wa nne na kuinua mikono akiwaambia wa nje wasimame. Hawakumsikia, na hata wangemsikia, ile ilikuwa haki yao ya kila Jumapili. Nilikuwa juu, sikuweza kushuka, na nadhani nilikuwa napiga kelele lakini sina hakika. Dakika chache baadaye mlango ule ulikuwa umeziba kabisa.

Walikufa watu wanne. Mmoja alikuwa Wa Pili, aliyekuwa ameacha mlango wake uliofungwa akaenda kusaidia wa nne. Mazishini padri alimtaja kwa jina lake, na Wa Tatu akageuka akaniuliza ni nani huyo anayetajwa. Goti la mzee lilivunjika. Hakurudi tena kiwanjani, na sikumbuki kama alifukuzwa au aliacha kwenda.

Baada ya vifo jalada la kijani likapata haraka. Mtaalamu aliletwa kutoka nje kufanya uchunguzi kamili, ule ambao mzee aliuomba. Alikuwa mtu mwenye heshima. Alipima milango kwa utepe, alimtembelea mzee hospitalini, akampa pole, akaazima madaftari yake yote matatu, moja la kila msimu. Mzee alimpa kwa furaha. Alimwomba radhi kwa ukurasa mtupu wa yale maharage.

Ripoti ikachelewa. Kwanza vita vilikuwa vikali milimani na fedha zikazuiwa, kisha ofisi ikabadilisha wakuu mara mbili. Mzee alihamia Ruziba, akalima lengalenga, yaani mchicha, karibu na ziwa. Mara mojamoja alimtuma mtu aje aniulize walichoandika. Nilijibu bado. Ilikuwa kweli, bado.

Mazungumzo ya amani yalipofika mahali pa kueleweka, ripoti ikaja ikiwa imechapishwa vizuri, na pamoja nayo fungu jipya la mafunzo. Safari hii mkuu mpya aliniachia niandae orodha. Nikaandika jina la mzee la kwanza kabisa, sikumwuliza mtu. Nilijiona jasiri kwa siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu mkuu aliniita, akauliza huyu wa kwanza ana diploma gani. Nikasema hana, ila anaijua milango. Akasema masharti ya mfadhili ni cheti cha sekondari, na isitoshe, mama, umesoma ripoti? Akavuta mstari wa wino mwekundu juu ya jina, kwa rula.

Nilikuwa nimeisoma. Siku hiyohiyo mchana nikapanda gari kwenda Ruziba na nakala ya ripoti mkobani. Nilikusudia kumsomea, kwa kuwa alikuwa amengoja miaka, na nilikusudia kumwambia kuhusu orodha. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.

Nilimkuta ameketi nje kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooka, anafunga mafungu ya lengalenga kwa majani ya migomba. Alikuwa amekonda. Alifurahi kuniona kiasi kwamba aliinuka, nami nikamsihi akae. Mkewe akaniletea kiti na maji. Nikafungua ripoti, nikaanza kumtafsiria polepole kwa Kiswahili. Kipimo cha milango kilikuwemo. Robo ya maskini ilikuwemo, imepewa jina la kitaalamu. Hesabu za maharage zilikuwemo zote, ila haikuandikwa zilitoka kwa nani. Gari na funguo havikuwemo. Nikafika kwenye sentensi ya mwisho, nikataka kuiruka, akaona.

"Soma yote, mama."

Nikasoma. Iliandikwa kwamba chanzo kikuu cha maafa kilikuwa walinzi wa milango wasiokuwa na mafunzo yoyote.

Akaniomba niirudie. Nikairudia. Nilikuwa nangoja hasira yake, na nakiri niliitaka, ingenisaidia kusema lililobaki. Yeye alitikisa kichwa taratibu, anakubali.

"Ni kweli," akasema. "Hatukufundishwa. Hapo waliandika vizuri." Kisha akanitazama, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu siku ile walinzi wanne waliposimama uani kwetu. "Na sasa ile mafunzo inakuja?"

Nikamwambia yanaanza Jumatatu, hotelini, Rohero.

"Jina yangu uliandika?"

"Nililiandika, mzee. La kwanza kabisa."

Hilo lilikuwa kweli, na baada yake nilikuwa na sentensi ya pili, ya ule mstari mwekundu, nimeikariri tangu kwenye gari. Lakini tayari alikuwa amemgeukia mkewe mlangoni, anamwambia atoe shati jeupe lile la kanisani lipigwe pasi, na amtafute Wa Tatu amwambie kwamba wamekumbukwa. Akaniuliza kama goti litamruhusu kukaa siku nzima, akajijibu mwenyewe kwamba litamruhusu. Alisema Ruziba ni mbali na mguu huu ni mzito, ataondoka kukiwa bado giza, kwa kuwa mtu hawezi kuchelewa kitu alichokiomba.

"Inaanza saa ngapi, mama?"

Nikamjibu saa mbili kamili, nikarudisha ripoti mkobani, nikaaga.